Foglaiti haziwaki, moja imekufa au zinawaka hafifu: tafuta moto unaishia wapi kabla hujanunua balbu

Foglaiti, yaani taa ya ukungu, ikizima watu wengi wanakimbilia kununua balbu, na kwa kuwa mara nyingi kweli inakuwa balbu basi mtu anaamini ndo dawa ya kila kitu, mpaka siku anaweka mpya haiwaki, anaweka nyingine haiwaki, alafu anaanza kuambiwa abadilishe taa nzima. Mimi nimepita hapo hapo. Taa yangu ya kulia ilikuwa inawaka kama kibatari, nikabadilisha balbu mara mbili, fundi akasema sahani inayong'aa kwa ndani imefubaa ninunue taa mpya, nikanunua, ikafungwa, ikawaka vile vile kama kibatari. Kumbe shida ilikuwa bolti moja ya ethi, yaani njia ya moto kurudi betri, iliyoota kutu chini ya taa kubwa. Niliisugua kwa msasa, nikaikaza, mwanga ukarudi wote. Tangu hapo sinunui chochote kabla sijajua moto unaishia wapi, na ndo njia nataka uishike hapa.

Safari ya moto ni fupi tu. Unatoka betri, unapita kwenye fyuzi, unapita kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), unashuka na waya mpaka soketi ya taa, unaingia kwenye balbu, unatoka kwa waya wa ethi kwenda kwenye bodi ya gari na kurudi betri. Swichi unayobonyeza wewe kwenye magari mengi haibebi huo moto wa taa, yenyewe inaiamuru rilei tu. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa kujiuliza ni moja: imekufa moja au zimekufa zote mbili? Zikifa zote kwa pamoja shida iko sehemu wanayochangia, yaani fyuzi, rilei, swichi au waya kabla haujagawanyika. Ikifa moja, fyuzi na rilei kwa magari mengi unaziacha kabisa maana zingekuwa mbovu na ile nyingine isingewaka, unaenda moja kwa moja kwenye taa yenyewe. Hilo swali peke yake linakuokolea nusu ya kazi.

Kabla hujafungua kitu, hakikisha kweli ni mbovu

Magari mengi hayaruhusu foglaiti za mbele ziwake peke yake, lazima uwashe kwanza taa ndogo au dimu ndo ubonyeze swichi ya fogi. Mengine ukipiga fulu zinazimika zenyewe, ukirudi dimu zinarudi, na hapo hamna ubovu, zimetengenezwa hivyo. Kuna magari pia yanawasha foglaiti moja tu upande unaokata kona ukiwa mwendo mdogo, mtu anaiona kwenye kioo cha duka anadhani ile nyingine imekufa. Angalia pia dashibodi: alama ya kijani ni fogi za mbele, ya njano ni ya nyuma. Alama ikiwaka na taa haziwaki, ujue amri ya swichi imefika angalau sehemu fulani. Alama isipowaka kabisa, anza kuishuku swichi au fyuzi ya upande wa amri.

Zote mbili hazijawaka

Anza na fyuzi. Mfuniko wa boksi la fyuzi una mchoro kwa ndani, tafuta alama ya fogi. Usiitoe kwanza, washa taa alafu gusa na testa zile nukta mbili za chuma zilizo juu ya mgongo wa fyuzi. Testa ikiwaka nukta zote mbili fyuzi ni nzima, ikiwaka upande mmoja tu imeungua, isipowaka kote moto haufiki hata kwenye fyuzi, tatizo liko nyuma yake. Hii ni bora kuliko kuitoa na kuitazama kwa macho, maana fyuzi nyingine ina ufa mwembamba kama unywele huuoni.

Ukikuta imeungua weka ya saizi ile ile. Balbu ya wati 55 kwenye volti 12 inakula ampea 4.6 hivi, mbili ni kama 9, ndo maana utakuta fyuzi ya 15 yenye rangi ya bluu kwenye magari mengi. Kila rangi na saizi yake, 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 30 kijani. Nakuomba sana usiweke ya 30 kwa sababu ya 15 inaungua kila siku. Fyuzi kazi yake ni kufa kabla waya haujafa, ukiizidisha unaufanya waya ndo uwe fyuzi, na waya unaungulia ndani ya plastiki za gari.

Sasa kama ile mpya nayo inaungua hapo hapo ukiwasha, una shoti. Chomoa soketi za taa zote mbili, weka fyuzi nyingine, washa. Ikiungua tena na taa zimechomolewa, shoti iko kwenye waya wa njiani. Ikikaa, chomeka taa moja, washa, alafu ya pili, washa, ile itakayoiua fyuzi ndo yenye shida. Waya huwa unachubuka sehemu ambazo zinajulikana, pale unapopita kwenye ukingo wa chuma nyuma ya bampa, pale tairi linapogusa ile plastiki nyeusi ya ndani ya fenda likikatwa kona mpaka mwisho, na pale gari lilipowahi kugongwa bampa likarudishwa haraka haraka na waya ukabanwa. Gari likiwa limewahi kugongwa mbele anzia hapo, usipoteze muda kwingine.

Fyuzi nzima? Nenda kwenye rilei. Mwambie mtu awashe na kuzima fogi wewe umeiwekea kidole juu, unatakiwa usikie na kuhisi inapiga tak. Isipopiga, ama yenyewe imekufa ama amri ya swichi haifiki. Ikipiga na taa haziwaki, ama meno yake ya ndani yameungua ama tatizo liko mbele yake. Njia rahisi ni kubadilishana na rilei nyingine inayofanana, ya honi mara nyingi ni ile ile, lakini soma namba zilizoandikwa juu yake na mpangilio wa miguu usiende kwa umbo tu. Miguu huwa imeandikwa: 30 ni moto unaoingia kutoka betri, 87 ni unaotoka kwenda taa, 85 na 86 ni za koili, yaani sumaku ya umeme inayovuta meno ya ndani. Ukiitoa rilei alafu mita ikasoma volti 12 kwenye tundu la 30, na ukawasha swichi tundu la 86 na 85 yakaonyesha volti 12 kati yake, basi kila kitu kinachoingia kiko sawa, na kama ilikuwa haipigi tak rilei yenyewe ndo mbovu. Hapo kanunue rilei kwa amani.

Angalizo kwa magari mapya mapya: mengine hayana rilei ya fogi kabisa, kompyuta ya bodi ndo inazilisha taa moja kwa moja. Gari la namna hii usilichome na ile testa ya zamani ya balbu wala usichukue waya ukapeleka moto wa betri kwenye soketi ikiwa imechomekwa, unaweza kuua kitu cha gharama. Tumia mita. Alafu kompyuta hizi zikiona shoti zinakata njia ile na zinaweza kukataa kuirudisha hata baada ya kurekebisha mpaka kosa lifutwe kwa mashine, kwa hiyo usishangae.

Moja tu ndo imekufa

Hapa kweli balbu ndo mshukiwa namba moja, basi tuitoe. Zima taa zikae zipoe, balbu ya halojeni ikitoka kuwaka inaunguza ngozi kabisa. Kufikia nyuma ya taa kuna njia tatu kutegemea gari. Ya kwanza kata usukani tairi liangalie ndani upande wa pili, toa klipu na skrubu chache za ile plastiki nyeusi ya ndani ya fenda, ikunje pembeni uingize mkono. Ya pili ni kupita chini, unatoa kikinga cha plastiki chini ya bampa. Ya tatu pambo linalozunguka taa linatoka kwa mbele na taa inatoka na skrubu zake. Ukiinua gari kwa jeki weka stendi, usiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Na klipu za plastiki zikiwa za miaka mingi zitavunjika tu, inua kwanza kile kitovu cha katikati kwa bisbisi bapa ndo uvute zima, usivute kwa hasira.

Ukishika nyuma ya taa, bonyeza ulimi wa soketi uichomoe, alafu zungusha balbu robo mzunguko kinyume cha saa itoke. Sasa itazame vizuri kwenye mwanga. Uzi wa ndani umekatika, hio ni uzee au mtikisiko. Kioo kimekuwa cheusi cheusi au cha fedha, imechoka. Kioo kina unga mweupe kwa ndani, hewa imeingia, yaani kioo kilipata ufa, mara nyingi jiwe au maji. Uzi ni mzima kabisa, basi rudi kwenye moto, balbu haina kosa.

Ununue namba ile ile iliyoandikwa kwenye kitako. Hapa watu wanakosea sana kwa sababu H8, H11 na H16 zinafanana kwa macho, lakini H8 ni wati 35, H11 ni wati 55 na H16 ni wati 19, na vitako vimewekewa meno tofauti makusudi visiingiliane. Kuna wanaokata jino kwa kisu ili H11 iingie kwenye taa ya H16 ipate mwanga mwingi. Taa ya wati 19 imetengenezwa kwa joto la wati 19, ukiweka 55 sahani ya ndani inababuka, plastiki inalainika na kioo cha mbele kinaanza kuwa na ukungu wa kahawia ambao hautoki hata ukisugua. Na usiguse kioo cha balbu mpya kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanabaki pale, yanapata moto kuliko sehemu nyingine na balbu inakufa mapema. Ukigusa bahati mbaya ifute na spiriti kwa kitambaa safi kabla hujaiwasha.

Kabla hujachomeka mpya angalia ndani ya soketi. Ukiona unga wa kijani kwenye meno ya shaba, hapo maji yamekuwa yakiingia muda mrefu. Ukiona plastiki imekuwa kahawia na jino moja limelegea, soketi ilikuwa inapata moto kwa sababu mguso ni mbovu, na hio hata ukiisafisha itarudia tu, kata uweke soketi mpya yenye waya zake, ziunganishe kwa lehemu au viungo vya kubana na uzifunike vizuri maji yasiingie. Insulesheni tepu peke yake sehemu ile ya chini ya bampa haidumu.

Balbu mpya nayo haijawaka? Chukua mita, acha balbu ikiwa imechomekwa na taa imewashwa, ingiza ncha za mita kwa nyuma ya soketi uguse nyaya zote mbili. Ukisoma karibu na volti za betri na haiwaki, balbu ni mbovu hata kama ni mpya, inatokea. Ukisoma sifuri usikate tamaa, hamisha ncha nyeusi uipeleke kwenye terminali hasi ya betri na ile nyekundu uiguse kila waya kwa zamu. Nyaya zote mbili zikisoma 12, moto unafika vizuri, unapita kwenye uzi wa balbu na unakwama upande wa pili kwa kukosa pa kwenda: ethi imekatika. Zote mbili zikisoma sifuri, moto haufiki kabisa, waya umekatika njiani kati ya rilei na taa. Hiki kipimo ndo kingeniokolea ile taa nzima niliyonunua bure.

Zinawaka ila hafifu

Watu wanapima volti soketi ikiwa imechomolewa, wanaona 12.4, wanasema moto upo. Upo ndio, lakini haujabebeshwa mzigo. Waya uliobaki na nyuzi mbili tatu nzima utaonyesha 12.4 vizuri tu ukiwa hauna kazi, ukichomeka balbu ya wati 55 unaanguka. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, bila balbu 12.4, na balbu 5 na kitu. Kwa hiyo pima taa ikiwa inawaka, siku zote.

Namna ya kutafuta upande wenye kosa: taa inawaka, weka ncha nyekundu kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye waya wa moto wa taa. Mita inakuonyesha volti zinazopotelea njiani, zikizidi nusu volti kuna mguso mbovu, yaweza kuwa mguu wa fyuzi, rilei au soketi. Alafu pima upande wa pili, kati ya waya wa ethi wa taa na hasi ya betri. Hapa hata 0.2 ni nyingi. Ikizidi fuata ule waya mpaka bolti yake, fungua, sugua chuma mpaka king'ae, rudisha, kaza, paka grisi juu ukishakaza. Kama huna mita kabisa chukua waya mrefu, ncha moja kwenye hasi ya betri na ncha nyingine iguse ethi ya taa, mwanga ukiruka ghafla jibu umepata.

Na usidharau upotevu mdogo. Kwa balbu ya halojeni volti zikipungua kwa asilimia 10 mwanga unapungua karibu theluthi, haushuki sawa sawa na volti. Ila kama volti ziko sawa na mwanga bado ni hafifu, ndo sasa uangalie kioo cha mbele kama kimefifia na sahani ya ndani kama imepoteza mng'ao. Kioo unaweza kukisugua na msasa laini wa maji na kukipolishi, sahani iliyofubaa haiponi.

Balbu zinaungua kila baada ya muda mfupi

Pima betri injini ikiwa inawaka. Kawaida ni kati ya 13.7 na 14.5 hivi, ikipita 15 alteneta inachaji kupita kiasi na foglaiti siyo kitu pekee kitakachokufa, shughulikia haraka. Chaji ikiwa sawa, shika taa kwa mkono uitikise. Kishikio kikiwa kimevunjika sikio moja taa inacheza kila shimo la barabara na uzi wa balbu unakatika. Sababu nyingine ni vidole, na maji.

Maji ndani ya taa

Ukungu mwembamba kwa ndani baada ya kuosha gari au asubuhi yenye baridi, ukiwasha unaondoka baada ya muda, huo usikusumbue, taa ina tundu la kupumulia. Lakini ukiona matone makubwa au maji yanacheza chini kama kwenye glasi, kuna mlango. Angalia mpira wa duara kwenye kitako cha balbu kwanza, ukiwa umekatika au haukukaa wakati wa kubadilisha balbu maji yanapita hapo. Alafu ufa kwenye kioo, alafu kiungo cha kioo na boksi. Itoe taa, ikaushe kabisa, ziba ufa mdogo na silikoni, ila usizibe lile tundu la kupumulia hata kama unaona ndo linaloingiza maji. Ukiliziba unyevu unabaki ndani milele. Na usipite kwenye dimbwi refu foglaiti zikiwa zimewaka muda mrefu, kioo cha moto kikikutana na maji ya baridi kinapasuka.

Umeweka LED na mambo yamebadilika

Haiwaki kabisa upande mmoja: chomoa soketi igeuze, LED ina chanya na hasi, halojeni haijali. Inapepesa au dashibodi inalalamika balbu imekufa: kompyuta inaona ampea ni chache mno, inahitaji kile kifaa cha kudanganya mzigo, na kikiwa cha rezista kifunge kwenye chuma mbali na plastiki kwa sababu kinapata moto sana. LED nyingi pia zinatawanya mwanga vibaya kwenye sahani iliyopimwa kwa uzi wa halojeni, na kwenye ukungu mwanga unaoenda juu unakurudia machoni kama ukuta mweupe. Kwa foglaiti mimi bado naona halojeni ya wati sahihi ni bora, labda ununue taa nzima iliyotengenezwa kwa LED tangu mwanzo.

Ya nyuma

Inawaka moja tu? Magari mengi yana foglaiti moja ya nyuma, upande wa dereva, na upande wa pili nafasi ile ni ya taa ya rivasi. Linganisha rangi za balbu na waya kabla hujaanza kutafuta ugonjwa. Kama gari lina soketi ya trela nyuma na fogi imekataa, angalia hio soketi, kwenye baadhi ya magari ukichomeka trela fogi ya gari inazimwa makusudi na swichi ndogo ya ndani, ikiota kutu gari linadhani trela lipo muda wote.

Ukimaliza kurudisha kila kitu, simamisha gari sehemu tambarare mita 7.6 kutoka ukutani, pima urefu kutoka chini mpaka katikati ya foglaiti, weka alama ukutani kwa urefu huo. Ukingo wa juu wa mwanga unatakiwa ukae kama sentimita 10 chini ya alama. Skrubu ya kurekebisha iko nyuma au chini ya taa, izungushe kidogo kidogo, funika taa moja kwa kitambaa kinene wakati unarekebisha nyingine na usikiache muda mrefu juu ya kioo kwa sababu ya joto.